Mstari Chini ya Neno: Tokeni za Usanifu na Alama za Maandishi katika Kompyuta

Mwalimu wa hisabati amalizapo kufanya swali ubaoni hupiga mistari miwili chini ya jibu. Mwalimu wa lugha asahihishapo insha hupiga mstari chini ya neno lenye kosa, na mwanafunzi aliyeandika neno asilolitaka hulikata kwa mstari unaopita katikati yake. Katibu wa mkutano naye hupiga mstari chini ya kichwa cha kila ajenda. Mistari hiyo ni vitu vidogo mno, wino wa sentimita chache tu, lakini hakuna darasa lisilojua tofauti zake. Wa kwanza wasema "hili ndilo jibu". Wa pili, "hapa pana kosa". Wa tatu, "hili lisisomwe". Na wa nne, "hapa laanza jambo jipya".

Maandishi yasomwayo katika kompyuta na simu yamerithi mistari hiyo yote, tena yameiongezea kazi moja kubwa ambayo karatasi haikuwa nayo: kuonyesha kiungo, yaani neno ambalo likibonyezwa humpeleka msomaji kwenye ukurasa mwingine. Waliotunga lugha za kompyuta waliikusanya mistari hii chini ya jina moja, "mapambo ya maandishi". Jina hilo halikuchaguliwa vizuri. Pambo ni kitu kiwezacho kuondolewa pasipo hasara. Nyumba ikivuliwa mapazia hubaki nyumba. Lakini mstari wa kiungo ukiondolewa, baadhi ya wasomaji hawawezi tena kujua kwamba pale pana mlango. Makala haya yanaeleza jinsi mstari huo unavyopotea, na jinsi mbinu iitwayo tokeni za usanifu inavyoweza kuulinda, mradi tokeni hizo zipewe majina kwa kufuata maana ya mstari wala si sura yake.

ASILI YA MSTARI WA KIUNGO

Katika enzi ya taipureta, mwandishi aliyetaka kutilia neno mkazo alirudi nyuma herufi kwa herufi, kisha akapiga alama ya mstari chini ya kila moja. Mswada ulipofika kwa mpiga chapa, mstari huo ulisomwa kama agizo: neno lililopigiwa mstari lipangwe kwa herufi za mlazo. Kwa sababu hiyo vitabu vilivyopigwa chapa vizuri vilikuwa na mistari michache sana chini ya maneno. Alama ilikuwapo, lakini haikuwa na kazi maalumu ndani ya kitabu.

Kazi ilipatikana mwaka 1990. Mtaalamu wa Kiingereza Tim Berners-Lee, ambaye wakati huo alikuwa katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN karibu na Geneva, aliandika kivinjari cha kwanza cha wavuti kwa kompyuta ya NeXT. Yeye mwenyewe amepata kueleza kwamba kivinjari hicho kilionyesha viungo kwa mstari wa chini tu, kwa vile mkazo wa aina hiyo haukutumika sana katika maandishi ya kawaida. Rangi ilikuja baadaye, vivinjari vilipoanza kutumia skrini za rangi; kivinjari cha Mosaic cha Chuo Kikuu cha Illinois, kilichoenea tangu mwaka 1993, ndicho kilichowazoesha watu wengi kuona viungo vya buluu vyenye mstari.

Mfuatano huo ufaa kuzingatiwa. Mstari ulitangulia, rangi ikafuata. Wasanifu wengi wa leo hudhani kwamba rangi ndiyo alama yenyewe na kwamba mstari ni nyongeza iliyopitwa na wakati. Ukweli wa historia ni kinyume chake.

Desemba 1996 ilitolewa rasmi lugha ya mitindo ya kurasa iitwayo CSS. Ndani yake mapambo ya maandishi yaliruhusiwa thamani tano: bila mstari, mstari chini, mstari juu, mstari katikati, na kumetameta. Hiyo ya mwisho ilifanya maneno yawake na kuzimika kama taa mbovu. Firefox iliiacha mwaka 2013 na haijapata wa kuililia. Thamani iliyoleta madhara ya kudumu ni ile ya kwanza. Kwa amri moja fupi, msanifu aliyeona mistari inachafua ukurasa wake aliweza kuifuta yote kwa mara moja, akabakiza rangi peke yake.

HESABU YA RANGI

Je, rangi peke yake yatosha? Swali hili halihitaji ubishi, kwa kuwa lina hesabu.

Kila nukta ya skrini, yaani pikseli, ina taa tatu ndogo: nyekundu, kijani na buluu. Jicho la binadamu halizipokei taa hizo kwa usawa. Kijani huonekana angavu zaidi, na buluu hafifu zaidi. Kwa hiyo mng'ao wa rangi yoyote hupimwa kwa kanuni hii, ambapo N, K na B ni viwango vya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, kila kimoja kikiwa kati ya 0 na 1:

M = 0.2126 N + 0.7152 K + 0.0722 B

Mwanafunzi akijumlisha vizidisho vitatu atapata 1 kamili, ambao ni mng'ao wa rangi nyeupe. Mng'ao wa rangi nyeusi ni 0. Uwiano wa tofauti baina ya rangi mbili hupatikana kwa kugawanya, M1 ikiwa ndiyo angavu zaidi:

Uwiano = (M1 + 0.05) ÷ (M2 + 0.05)

Ile 0.05 inawakilisha mwanga wa chumbani unaoangukia skrini na kurudi machoni.

Ichukuliwe sasa buluu safi, ambayo mng'ao wake ni 0.0722. Ikiandikwa juu ya karatasi nyeupe, uwiano ni 1.05 ÷ 0.1222, yaani 8.59, herufi zinasomeka vizuri. Lakini kiungo hakisimami peke yake. Kimezungukwa na maneno meusi, na swali ni kama kinatofautiana na maneno hayo. Hapo uwiano ni 0.1222 ÷ 0.05, yaani 2.44. Shirika la W3C, linalotunga kanuni za wavuti, lasema katika mwongozo wake wa mwaka 2008 kwamba rangi isiwe njia pekee ya kutoa habari. Na katika maelezo yake hushauri kwamba kiungo kisicho na mstari kitofautiane na maneno yanayokizunguka kwa uwiano usiopungua 3, tena kipate alama nyingine kinapoguswa. Buluu safi katikati ya maneno meusi haifikii kiwango hicho.

Hali huwa mbaya zaidi taasisi inapoacha buluu na kutumia rangi ya nembo yake. Mfano ni ile rangi iitwayo damu ya mzee. Taa yake nyekundu ina kiwango cha mwanga cha 0.216 hivi, na taa nyingine mbili zimezimwa. Mng'ao wake ni 0.0459, na uwiano wake na maneno meusi ni 0.0959 ÷ 0.05, yaani 1.92. Mtu anayeona nyekundu atakitambua kiungo hata hivyo, kwa kuwa jicho lake halitegemei mng'ao tu. Asiyeiona vyema hana kingine cha kutegemea zaidi ya ile 1.92. Nao watu hao si wachache: miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, mmoja katika kila 12 hivi ana upungufu wa kutofautisha nyekundu na kijani, na kwa wanawake wao ni mmoja katika 200. Mwalimu wa biolojia ataona hapa mfano mzuri wa sifa inayorithiwa kwa kromosomu X, ambayo mwanamume anayo moja tu.

Hata mwenye macho timamu hupatwa. Ichukuliwe kwamba msomaji amesimama kituo cha basi saa saba mchana na simu yake mkononi, na kwamba jua limeongeza ile 0.05 hadi kufikia 0.5. Uwiano wa damu ya mzee na nyeusi sasa ni 0.5459 ÷ 0.5, yaani 1.09. Kwa vitendo, rangi mbili zimekuwa moja. Ikiwa kiungo hicho ndicho kinachoongoza kwenye fomu ya kujiunga na shule, msomaji atamaliza ukurasa akidhani fomu haipo. Mstari wa chini ungekuwapo, angeuona, kwa sababu umbo hubaki palepale rangi inapofifia.

TOKENI NI NINI

Neno tokeni si geni kwa wanaonunua umeme wa kulipa kabla. Tarakimu 20 ziingizwazo katika mita si umeme wenyewe. Zinasimama mahali pa uniti zilizolipiwa. Tokeni ya usanifu hufanana nayo kwa kiasi hicho: ni jina linalosimama mahali pa uamuzi wa msanifu. Jina hilo hutajwa na hutumiwa na mwingine penye haja, na thamani yake huhifadhiwa mahali pamoja.

Anayejua aljebra amekwisha kuijua nusu ya jambo hili. Mwanafunzi akiandika y = 3x + 2, kisha akaambiwa x = 5, hafuti x kila mahali kwa mkono; huibadilisha thamani, na hesabu nzima hufuata. Ndivyo ilivyo kwa tokeni. Tofauti ni kwamba herufi x haisemi chochote juu ya kazi yake, ambapo jina la tokeni lapaswa kusema.

Jina "tokeni za usanifu" lilianza kutumika katika kampuni ya Salesforce ya Marekani mnamo mwaka 2014, na Jina Anne na Jon Levine ndio hutajwa kuwa waliolibuni. Shida iliyokuwapo ni ya kawaida kwa taasisi yoyote kubwa. Huduma moja huwa na tovuti, programu ya simu za Android, programu ya iPhone, na barua zinazotumwa na mashine. Kila moja imeandikwa kwa lugha yake ya kompyuta, na uamuzi mmoja, kwa mfano "viungo vyetu viwe na mstari mwembamba", huandikwa mara nne kwa namna nne na watu wanne. Baada ya mwaka mmoja uamuzi hubadilika. Watatu hupata habari, wa nne yuko likizo. Tokeni ziliondoa shida hiyo kwa kuuweka uamuzi katika faili moja lisilo la lugha yoyote kati ya hizo, na kuiachia programu ndogo kazi ya kulitafsiri kwa kila upande.

Katika CSS yenyewe, tokeni huandikwa kama vigeu vinavyoanza kwa vistari viwili. Majina huchaguliwa na mwandishi, na hakuna sheria inayokataza yawe ya Kiswahili:

:root {
  --mstari-mwembamba: 1px;
  --kiungo-mstari: underline;
  --kiungo-mstari-unene: var(--mstari-mwembamba);
}

a {
  text-decoration-line: var(--kiungo-mstari);
  text-decoration-thickness: var(--kiungo-mstari-unene);
}

Fungu la kwanza ni ghala. Fungu la pili laamuru kila kiungo kichukue aina na unene wa mstari kutoka ghalani. Msomaji aangalie kwamba tokeni ya tatu haina tarakimu. Inaelekeza kwa tokeni ya kwanza. Tokeni ya kwanza yaeleza kitu kilivyo: mstari mwembamba, pikseli 1. Hii huitwa tokeni ya msingi. Tokeni ya tatu yaeleza kitu ni cha nini: unene wa mstari wa kiungo. Hii ni tokeni ya maana. Kanuni njema ni kwamba kurasa zitumie tokeni za maana tu, nazo tokeni za maana zichukue kutoka kwa zile za msingi. Mwelekeo wa minyororo hiyo usirudi nyuma: ikiwa A inachukua kwa B, na B inachukua kwa A, hakuna thamani itakayopatikana kamwe, na kivinjari hukataa zote mbili.

Wengi hupita haraka juu ya tofauti hii ya tabaka mbili, ilhali ndiyo inayobeba ulinzi wote. Ichukuliwe kwamba msanifu ameita tokeni yake "mstari-wa-chini", kisha akaitumia kwa viungo, kwa vichwa vya habari, na kwa maneno yenye makosa ya tahajia. Siku moja mkubwa wake asema kwamba vichwa vya habari vinapendeza zaidi bila mstari. Msanifu afuta mstari katika tokeni hiyo moja, na kwa pigo lilelile afuta alama ya viungo vyote na ya makosa yote. Kama tokeni zingekuwa tatu, "kiungo-mstari", "kichwa-mstari" na "kosa-mstari", amri ya mkubwa ingetimizwa na hakuna aliyedhurika. Jina la sura liliyachanganya mambo matatu kwa sababu yanafanana. Jina la maana lingeyatenganisha kwa sababu si kitu kimoja. Mwalimu wa lugha haoni ajabu hapa: "kaa" la kuni na "kaa" wa pwani huandikwa sawa, wala hakuna kamusi inayowaweka chini ya fasili moja.

MSTARI UNA SEHEMU TANO

Zamani mstari ulikuwa ama upo ama haupo. Leo CSS huugawanya katika mambo matano: mahali unapokaa (chini, juu au katikati), namna yake (mmoja, miwili, wa nukta, wa vistari au wa mawimbi), rangi yake, unene wake, na umbali wake kutoka msitari wa herufi. Kila sehemu yaweza kuwa tokeni.

Umbali na unene si mambo ya anasa, hasa kwa Kiswahili. Neno "jipya" lina herufi tano, na tatu kati yake, j, p na y, hushuka chini ya msitari. Mstari mnene uliobana herufi hukata mikia hiyo, na kwa mbali y yaweza kudhaniwa v. Vivinjari vya sasa kwa kawaida hukatiza mstari unapokutana na mkia, lakini maneno yenye mikia mingi huachiwa vipande vya mstari vilivyotawanyika. Kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu jambo ni zito zaidi, maana nukta moja chini ya herufi huifanya kuwa be, na mbili huifanya kuwa ye. Mstari ukipita juu ya nukta hizo huficha herufi yenyewe.

Mfano wa kazi iliyofanywa kwa uangalifu ni mfumo wa usanifu wa tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK. Mtindo wake mpya wa viungo ulitolewa kama hiari mwaka 2021, na toleo la 5 la Desemba 2023 likaufanya kuwa wa kawaida. Thamani zake huhifadhiwa katika vigeu vyenye majina ya kazi, ambavyo kwa hakika ni tokeni hata kama hazikuitwa hivyo. Unene wa mstari ni ulio mkubwa kati ya pikseli 1 na rem 0.0625. Rem ni ukubwa wa herufi uliowekwa kuwa msingi wa ukurasa mzima, kwa kawaida pikseli 16, na 0.0625 × 16 ni 1. Mbona basi jambo moja liandikwe mara mbili? Kwa ajili ya msomaji mwenye macho dhaifu aliyeongeza msingi wake hadi pikseli 32. Kwake mstari unakuwa pikseli 2, na unakua pamoja na herufi badala ya kubaki uzi usioonekana.

Umbali wa mstari ni em 0.1578, em ikiwa ni ukubwa wa herufi pale mstari ulipo. Tarakimu hiyo huonekana kama imeokotwa, mpaka ikumbukwe kwamba maandishi ya kawaida ya GOV.UK katika skrini kubwa ni pikseli 19. Mwanafunzi azidishe: 0.1578 × 19 ni 2.998. Msanifu alitaka pikseli 3, kisha akaiandika kama sehemu ya herufi ili uwiano udumu hata katika vichwa vya habari. Bila jina lililo karibu nayo, tarakimu hiyo ingebaki fumbo kwa kila aliyekuja baadaye.

Kipanya kinapopita juu ya kiungo, mstari huo huwa mnene: ulio mkubwa kati ya pikseli 3, rem 0.1875 na em 0.12. Kwa maandishi ya pikseli 19 jibu ni 3. Kwa kichwa cha habari cha pikseli 48, em 0.12 hutoa 5.76, nayo hushinda. Hekima iliyomo ni kwamba mstari upo tangu mwanzo, na kipanya huuongeza tu. Tovuti nyingi hufanya kinyume: huficha mstari, kisha huuonyesha kipanya kifikapo. Waliozitunga walikuwa wameketi mezani mbele ya kompyuta. Simu ya kugusa haina kipanya, na kidole hakielei juu ya kioo. Kwa mwenye simu mstari huo hautokei mpaka amekwisha kubonyeza, naye hawezi kubonyeza asichokijua.

Pana pengo moja ambalo anayefundisha somo hili hana budi kulitaja. Kikundi cha wataalamu chini ya W3C kilitoa Oktoba 2025 toleo la kwanza thabiti la muundo wa kuandika tokeni, ili vyombo vya kampuni mbalimbali viweze kusomana. Katika muundo huo tokeni ya maandishi ina sehemu tano: familia ya herufi, ukubwa, uzito, nafasi kati ya herufi, na kimo cha msitari. Mstari wa chini haumo. Kila kundi la wasanifu hulazimika kuuhifadhi kwa desturi yake lenyewe, na tokeni zinapohamishwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine, mstari ndio unaoelekea kuachwa njiani. Huenda jina "mapambo" lina lawama yake katika hilo.

MSTARI USIOTII

Tokeni zikiwa zimepangwa vyema, mwanafunzi anayefanya majaribio bado atakutana na jambo la kumshangaza. Rangi ya herufi hurithiwa: sentensi ikiwa nyeusi, neno lililo ndani yake laweza kuamriwa kuwa jekundu, nalo likatii. Mstari haurithiwi hivyo. Sentensi nzima ikipigiwa mstari, kisha neno moja la ndani likaamriwa lisiwe na mstari, mstari hupita chini ya neno hilo vilevile, tena kwa rangi iliyowekwa na sentensi. Ni kama mwalimu aliyepiga mstari kwa rula chini ya sentensi yote. Neno moja haliwezi kuukataa, kwa kuwa mstari si mali yake. Kwa hiyo tokeni ya mstari huwekwa juu ya kitu chenyewe kinachokusudiwa, yaani kiungo, wala si juu ya aya au kisanduku kinachokizunguka.

Mtego wa pili ni amri ya mkato. Anayeandika "text-decoration: underline" baada ya kuwa ameweka unene kwa tokeni hurudisha unene katika hali ya asili bila kujua, maana amri ya mkato hubeba sehemu nne pamoja: mahali, namna, rangi na unene. Umbali peke yake ndio usioguswa. Makosa mengi yanayosingiziwa tokeni hutokana na mkato huu.

Kuhusu mstari wa katikati, uleule unaokata bei ya zamani au jina lililofutwa katika orodha, tokeni haina msaada kwa asiyeona. Programu nyingi zinazosoma skrini kwa sauti hazitamki mstari huo katika hali yao ya kawaida. Bei iliyokatwa ya shilingi 20,000 na bei mpya ya shilingi 15,000 husikika kama bei mbili mfululizo, na msikilizaji hana njia ya kujua ipi ni ya kweli. Hapo dawa ni maneno: "bei ya zamani", "bei ya sasa". Mstari ubaki kwa mwenye kuona.

Wala tokeni haimfanyi msanifu kuwa na busara. Tokeni "kiungo-mstari" ikipewa thamani ya kutokuwa na mstari, mlango utafichwa katika kila ukurasa na kila simu kwa dakika ileile, kwa ufanisi ambao makosa ya mkono hayakuwahi kuufikia. Viko viungo ambavyo huondolewa mstari kwa haki, mathalani vile vya orodha kuu iliyo juu ya ukurasa, ambako mahali pake pamekwisha kusema kazi yake. Hivyo vistahili tokeni yao wenyewe, "orodha-kiungo-mstari", ili ruhusa waliyopewa isivuje hadi katika aya.

KAZI YA DARASANI

1. Mng'ao wa kijani safi ni 0.7152. Tafuta uwiano wake na maneno meusi, kisha na karatasi nyeupe. Je, rangi hiyo yafaa kwa viungo vilivyoandikwa juu ya nyeupe? (Majibu ya hesabu: 15.3 na 1.37.)

2. Chagua ukurasa wowote wa wavuti wenye viungo ndani ya aya, uchapishe kwa mashine ya rangi nyeusi peke yake, na umpe mwenzako ambaye hajauona. Azungushie kalamu kila anachodhani ni kiungo. Linganisha na ukurasa wa asili, uhesabu vilivyopotea.

3. Kwa kutumia em 0.1578, tafuta umbali wa mstari kwa herufi za pikseli 24 na za pikseli 36. Eleza kwa nini pikseli 3 zisizobadilika zingekuwa kidogo mno kwa hizo za pili.

4. Tokeni nne zimeandikwa hivi: P inachukua kwa Q, Q inachukua kwa R, R ina pikseli 2, na S inachukua kwa P. Thamani ya S ni ngapi? R ikibadilishwa ichukue kwa S, nini kitatokea?

5. Chukua daftari lako la masomo lililosahihishwa. Orodhesha kila mstari uliopigwa na mwalimu au na wewe mwenyewe, uupe kila mmoja jina la maana yake pasipo kutumia maneno "chini", "juu", "nyekundu" wala "mnene".